Gari la turbo likikosa nguvu mlimani, pima pampu ya mafuta kabla ya kufungua injini

MADEREVA wa magari yenye turbo wanaosafiri mara kwa mara kati ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, wanakijua kisa hiki hata kama hakijawafika wao wenyewe. Gari linaondoka mjini likiwa salama, linapita Kemondo bila tatizo, na kwenye tambarare linakimbia kama kawaida. Likifika Muhutwe na kuchepuka ili kupanda kuelekea Kamachumu, likiwa na abiria watano na mizigo, dereva anakanyaga mafuta na gari linajikwaa. Linavuta, linasita, linavuta tena, kisha nguvu inapotea. Akilegeza mguu kidogo, gari linatulia. Likifika juu tatizo limekwisha, na kesho yake fundi akiliwasha gereji haoni kosa lolote.

Kinachofuata hapo mara nyingi ni kubahatisha. Hubadilishwa plagi, kisha koili, kisha sensa ya hewa, na pengine turbo yenyewe hushukiwa ikafunguliwa. Fedha zinakwisha na gari linarudi mlimani na ugonjwa wake ule ule. Baada ya wiki kadhaa injini inaanza kugonga, moshi wa buluu unatoka nyuma, na ikifunguliwa inakutwa pistoni moja imepasuka ukingo. Chanzo cha hasara yote hiyo huweza kuwa pampu ya mafuta iliyochoka, kifaa kisichozidi ukubwa wa chupa ndogo ya soda, kilichojificha ndani ya tangi.

Ikumbukwe kuwa katika gari la turbo linalotumia petroli, pampu iliyokufa kabisa si hatari kubwa. Gari haliwaki, linavutwa, linatengenezwa, basi. Hatari ni pampu iliyochoka nusu, kwa sababu gari bado linatembea, na dereva anaendelea kulikanyaga bila kujua kuwa kila mlima anaoupanda unaila injini yake.

Hewa inaongezeka, mafuta hayaongezeki

Turbo ni feni mbili zilizounganishwa kwa mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na nyingine husukuma hewa kuingia katika injini hiyo. Faida yake ni kubwa katika sehemu kama Kagera. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ile ya Dar es Salaam. Gari la kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, ilhali gari la turbo hujazia pengo hilo. Ndiyo maana magari kama Subaru Forester na Impreza zenye turbo, Toyota Caldina ya GT-T, na kwa upande wa dizeli Land Cruiser Prado na Hilux Surf, yamepata wapenzi wengi katika mikoa ya milima.

Lakini hewa ikiongezeka, mafuta nayo hayana budi kuongezeka. Petroli huungua kikamilifu pale kilo 14.7 za hewa zinapokutana na kilo moja ya mafuta. Turbo ikiwa inasukuma kwa nguvu, watengenezaji huweka mafuta mengi zaidi ya hapo, kiasi cha kilo 11 hadi 12 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kwa kuwa mafuta hayo ya ziada hupoza chumba cha mwako. Yakipungua, joto hupanda na mchanganyiko hujilipukia wenyewe kabla ya wakati. Mlio wake ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema injini "inagonga", na ni mgongo huo wa dakika chache tu unaoweza kuvunja kingo za pistoni.

Sasa ipo hesabu moja ambayo kila mwenye gari la aina hii angefaa kuijua. Katika magari mengi ya petroli ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, shinikizo la mafuta, au presha kama mafundi wanavyoiita, huwa karibu bar 3 juu ya shinikizo lililomo ndani ya manifoldi. Turbo ikisukuma hewa kwa bar 0.8, shinikizo la mafuta linatakiwa lipande hadi bar 3.8, vinginevyo hewa iliyobanwa itaizuia nozeli kumwaga mafuta ya kutosha. Pampu iliyochoka hubaki kwenye bar 3. Tofauti inayobaki ya kusukuma mafuta ni bar 2.2 tu badala ya 3, na kwa kanuni ya vimiminika nozeli itatoa mafuta pungufu kwa takriban asilimia 14. Gari linalotakiwa kuchoma kwa uwiano wa 11.2 linajikuta likichoma kwa uwiano wa 13, huku likipanda mlima na mzigo. Kwa dereva aliyeketi ndani, taa ya injini inaweza hata isiwake.

Upande wa ujazo, injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 240 inapokanyagwa hadi mwisho hutumia kati ya lita 70 na 85 za petroli kwa saa. Pampu iliyo salama inapaswa kuweza kutoa karibu mara mbili ya kiasi hicho, na ziada hurudi tangini. Ziada hiyo ndiyo akiba inayoanza kuliwa pampu inapochoka, wala dereva wa mjini Bukoba anayekwenda sokoni na kurudi hawezi kuitambua.

Kwa nini pampu hufa mapema

Pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yale yale inayoyasukuma. Mafuta yakiwa kidogo, pampu hufanya kazi ikiwa na joto kali, na mlimani, mafuta yakikimbilia upande mmoja wa tangi, huvuta hewa. Hapa tabia ya wenye magari wengi ina lawama. Kagera iko mbali na bandari ya Dar es Salaam, na safari ya lori la mafuta ni zaidi ya kilomita 1,300. Katika bei kikomo zinazotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), maeneo ya mkoa huu, hususan Kyerwa, yamekuwa yakitajwa miongoni mwa yale yenye bei za juu nchini. Matokeo yake watu hununua lita 5 leo na lita 5 kesho, na taa ya akiba huwaka mwezi mzima. Akiba inayopatikana kwa mtindo huo ni ya kujidanganya, maana mafuta yanayotumika ni yale yale.

Sababu ya pili ni uchafu. Vijijini, mbali na vituo, petroli huuzwa katika chupa na madumu kando ya barabara, na dumu lililokaa jua na mvua huwa na vumbi, mabaki ya plastiki na maji. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingi za nchi, na hewa ya ziwani ina unyevu muda wote. Tangi lisilojaa huacha nafasi kwa unyevu huo kuganda kuwa matone usiku. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutuama chini kabisa, mahali ambapo pampu hunyonya.

Sababu ya tatu ni uchakachuaji. Neno hili, ambalo baadaye lilihamia hata kwenye siasa na chaguzi, lilipata umaarufu mkubwa kutokana na mafuta ya taa kuchanganywa katika petroli na dizeli ili kujipatia faida ya tofauti ya kodi. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti hiyo isiwavutie tena wachakachuaji. Hatua hizo ziliibana biashara hiyo, lakini mafuta ya taa yaliyobaki ndani ya dumu la muuzaji wa kando ya njia hayana kinasaba cha kumshtaki. Kwa gari la turbo athari ni mbili: mafuta ya taa hushusha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo, hivyo injini hugonga hata kama pampu ni nzima, na katika dizeli hupunguza ulainishaji wa pampu.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza hakihitaji chombo cha gharama. Chota mafuta ya tangini katika chupa nyeupe ya kioo na uyaache yatulie kwa saa moja. Maji yataonekana chini kama tabaka linalojitenga, na uchafu utatua juu ya kitako. Kisha dondosha petroli tone moja kwenye karatasi nyeupe safi. Petroli halisi hukauka bila kuacha alama ya maana. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilokauka haraka. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kimewahi kuokoa injini ambazo zingefunguliwa bure.

Kuchunguza hatua kwa hatua

Fundi makini huanza kwa kumsikiliza mwenye gari. Je, linakosa nguvu likiwa limebeba mzigo tu, au hata likiwa limesimama? Ni likiwa na joto au likiwa baridi? Linasumbua tangi likikaribia robo? Gari linalosita turbo inapoanza kusukuma, na kutulia mguu ukilegezwa, linaelekeza kwenye mafuta. Hata hivyo, dalili hiyo hiyo huletwa na plagi zenye mwanya mpana au koili dhaifu, kwa kuwa hewa iliyobanwa huzima cheche. Mpira wa hewa uliopasuka kati ya turbo na injini nao hupoteza nguvu, ila huo hupiga mluzi na kutoa moshi mweusi kwa vile mafuta yanazidi hewa. Pampu iliyochoka haitoi moshi mweusi.

Baada ya hapo funguo huzungushwa hadi taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Katika magari mengi pampu hunguruma kwa sekunde 2 hivi kisha hunyamaza. Kimya kabisa kinaelekeza kwenye fyuzi, rilei, waya au pampu yenyewe. Mlio mkali wa kulalamika ni dalili ya chujio lililoziba au pampu inayokwisha. Lakini mlio mzuri hauthibitishi kitu; pampu inaweza kuimba vizuri huku haisukumi nusu ya kazi yake. Wapo wanaoishia hapa wakasema "pampu ni nzima, inalia", na hilo ndilo kosa linalogharimu kuliko yote katika uchunguzi huu.

Kama gari lina soketi ya kupimia kwa kompyuta, misimbo isomwe, lakini isiabudiwe. Msimbo P0171 husema tu kwamba mafuta ni machache kuliko hewa. Hausemi kama kosa ni la pampu, la sensa ya hewa au la mpira uliotoboka.

Chombo kinachotoa jibu ni geji ya shinikizo la mafuta, inayofungwa kwa kiungo cha njia tatu kwenye mpira unaopeleka mafuta kwenye nozeli. Kabla ya kufungua mpira wowote, fyuzi ya pampu hung'olewa na injini kuachwa iungurume hadi izime yenyewe, ili shinikizo liishe, kisha waya hasi wa betri hutolewa. Kazi ifanyike nje, penye upepo, na si juu ya shimo la gereji, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujaa shimoni ukisubiri cheche. Kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono, na sigara iwe mbali na eneo lote.

Geji ikishafungwa, injini huwashwa na kuachwa ikiunguruma taratibu. Mpira mwembamba wa hewa unaounganisha kidhibiti cha shinikizo na manifoldi ukiwa mahali pake, geji huonyesha karibu bar 2.3 hadi 2.5. Ukichomolewa, inapanda mara moja hadi karibu 3. Isipopanda, kidhibiti kina kasoro au mpira huo umepasuka, kasoro ndogo ambayo kwa gari la turbo huleta ugonjwa ule ule wa mlimani. Injini ikizimwa, shinikizo litakiwe kukaa kwa dakika kadhaa. Likishuka upesi, mpira wa kurudisha mafuta hubanwa kwa koleo laini. Likikaa, kosa ni la kidhibiti. Ukibanwa ule wa kupeleka na shinikizo likakaa, kilichochoka ni vali ya ndani ya pampu. Gari lenye kasoro hiyo huwa gumu kuwaka asubuhi au likiwa na joto.

Kisha huja kipimo cha ujazo. Mpira wa kurudisha huelekezwa kwenye chombo chenye alama za lita, na pampu huendeshwa moja kwa moja kwa sekunde 30. Pampu ya lita 150 kwa saa inapaswa kutoa karibu lita 1.25 katika muda huo. Ikitoa lita 0.7, mgonjwa amepatikana, ila bado haijajulikana kama kilichomuua ni umri, chujio au umeme.

Umeme ndio unaosahauliwa. Mita huwekwa kwenye soketi ya pampu yenyewe, pampu ikiwa inafanya kazi, na usomaji hulinganishwa na ule wa betri. Tofauti ikizidi nusu volti, waya, rilei au waya wa kwenye bodi una ukinzani, na pampu mpya itafungwa bure. Kutu ya unyevu wa ziwani hula viungo hivyo taratibu. Pana mtego hapa kwa Subaru kadhaa za turbo: zina kidhibiti kinachoendesha pampu kwa ngazi tatu, chini wakati wa kuunguruma na juu wakati wa mzigo. Volti ndogo gari likiwa limesimama si kosa. Volti hizo zikibaki ndogo mlimani, kidhibiti ndicho kichunguzwe.

Kipimo cha mwisho hufanyika mahali ugonjwa unapotokea. Geji ya mpira mrefu hutolewa nje ya boneti na kubandikwa kwenye kioo cha mbele, upande wa nje, isiingie ndani ya gari. Mmoja anaendesha, mwingine anasoma namba. Gari linapelekwa kwenye mlima, na hapa Kagera haikosi milima, kisha linakanyagwa kwa sekunde chache tu. Geji ikipanda pamoja na turbo, pampu ni nzima na fundi arudi kwenye plagi na koili. Ikisimama pale pale au kushuka, mguu uondolewe mara moja.

Kubadilisha pampu

Pampu hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma au zulia la buti, kutegemea aina ya gari. Udongo mwekundu uliorundikana juu ya kifuniko hupulizwa na kufutwa kwanza, la sivyo wote utaangukia tangini. Mipira hutiwa alama ili isibadilishane. Pampu ikitoka, kitambaa cha kuchujia kilicho kwenye mdomo wake hueleza habari nyingi: kikiwa cheusi au kimejaa mchanga mwembamba, tangi halina budi kumwagwa na kusafishwa, na pampu mpya isiingizwe kabla ya hapo. Chujio kuu nalo hubadilishwa siku hiyo hiyo.

Pampu ya umeme ya petroli haifumuliwi. Wapo wanaoifungua, kuisugua na kuirudisha, ikafanya kazi wiki mbili, lakini kwa gari la turbo huko ni kucheza kamari na injini. Kinachotengenezeka ni vilivyoizunguka: soketi iliyoyeyuka, nyaya, pete ya mpira ya kifuniko, na kipande cha mpira kinachounganisha pampu na bomba ndani ya tangi. Kipande hicho kidogo kimewaumbua mafundi wengi. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kubeba mafuta ndani yake, si kuzamishwa. Ukizama hulainika, huvimba na kuchomoka au kupasuka. Unaotakiwa ni ule wa daraja la SAE 30R10, na alama hiyo huandikwa juu yake.

Magari ya Subaru yenye magurudumu manne yanayovuta yana tangi lenye umbo la tandiko, kwa sababu mhimili unapita katikati yake. Pampu iko upande mmoja, na mafuta ya upande wa pili huvutwa na kinyonyaji kidogo kisicho na umeme. Fundi akisahau kuunganisha bomba lake, gari litazima barabarani huku geji ya dashibodi ikionyesha tangi lina mafuta.

Kuhusu pampu ya kununua, nambari ya kifaa kilichotoka ndiyo ifuatwe, si maneno ya "hii inaingia". Pampu bandia zipo sokoni katika maboksi yenye majina makubwa, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa za namna hiyo. Nyepesi kupita kiasi, maandishi yaliyofifia na bei ya nusu ni dalili tosha za kumfanya mnunuzi aondoke. Pampu ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa inaweza kuwa halisi, lakini ipimwe ujazo kabla ya kulipiwa. Na kuweka pampu kubwa kuliko ya kiwandani, kama vijana wapenda mbio wanavyofanya, kuna shida yake: kidhibiti cha zamani hushindwa kurudisha ziada yote, shinikizo linapanda wakati wa kuunguruma, gari linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta.

Baada ya kufunga, lita zisizopungua 10 hutiwa tangini, funguo huzungushwa mara tatu nne bila kupiga stata ili mabomba yajae, na kila kiungo hukaguliwa kwa macho na pua. Kisha geji hurudishwa kwenye kioo na gari kupelekwa kwenye mlima ule ule. Fundi asiyerudia kipimo hicho amebadilisha kifaa, lakini hajathibitisha kuwa ametibu ugonjwa.

Turbo za dizeli

Magari ya dizeli yana mambo yake. Mafuta yakipungua katika injini ya dizeli pistoni haipasuki kama katika petroli. Gari hupoteza nguvu tu. Hasara huiangukia pampu yenyewe, ambayo mafundi huiita pampu ya nozeli, na ambayo ni ghali kuliko vifaa vingi vya gari.

Katika injini ya 1KZ-TE ya Prado na Surf za miaka ya 1990, mshukiwa wa kwanza ni hewa inayoingia kupitia mpira uliochakaa au kichwa cha chujio. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga hufungwa kabla ya pampu, na mapovu yakionekana jibu limepatikana bila kugusa pampu. Katika 1KD-FTV, iliyoingia sokoni mwaka 2000, mafuta hubanwa na kuhifadhiwa katika bomba la pamoja kwa shinikizo la bar 300 hivi wakati wa kuunguruma, na zaidi ya bar 1,300 wakati wa mzigo. Hapa ni marufuku kulegeza bomba lolote injini ikiwa inafanya kazi, kama ilivyozoeleka kwa injini za zamani. Dizeli inayotoka kwenye tundu dogo kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana kama la sindano, lakini mtu anaweza kupoteza kidole au mkono asipowahi hospitali saa hizo hizo.

Kompyuta ikisoma P0087, yaani shinikizo la bomba la pamoja ni dogo mno, wengi hukimbilia kulaumu pampu. Zipo hatua tatu kabla yake: chujio, ambalo nalo humwagwa maji, vali ndogo ya umeme iliyo juu ya pampu inayodhibiti mafuta yanayoingia, ambayo hununuliwa peke yake kwa bei iliyo ndogo sana ikilinganishwa na ya pampu, na nozeli zinazovuja kwa ndani. Hizo za mwisho hupimwa kwa kuunganisha kila nozeli na kichupa chake na kulinganisha mafuta yanayorudi. Nozeli moja ikijaza kichupa wakati nyingine ziko robo, pampu haina hatia. Ikithibitika ni pampu, inapelekwa kwa fundi mwenye benchi la kupimia, si wa kuifungulia juu ya gunia. Vipande vya chuma vikikutwa ndani yake, bomba la pamoja na nozeli pia hazina budi kusafishwa, kwa vile vipande hivyo vimeshasafiri.

Dalili zikianzia njiani

Dereva wa petroli aliyeanza kuona gari likisita akiwa Kamachumu, usiku, hana haja ya kulala porini. Afike anakokwenda kwa gia nyepesi, pedeli ikikanyagwa chini ya nusu ili turbo isisukume, na kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Bila msukumo wa turbo, hata pampu iliyochoka huweza kukidhi mahitaji. Kama kipo kituo karibu, aongeze mafuta hadi nusu ya tangi, kwani pampu itapoa. Akisikia mgongo wa kokoto aegeshe hapo hapo. Asikubali kupigiwa tangi kwa nyundo zaidi ya mara moja. Pampu iliyokwama huweza kuzunguka tena kwa kugongwa, na itamfikisha nyumbani, lakini haitawaka mara ya pili kwa hakika. Kwa gari la dizeli lililoishiwa mafuta, pampu ya mkono iliyo juu ya chujio ibonyezwe hadi iwe ngumu kabla ya stata kupigwa, kwa kuwa kila sekunde pampu ya shinikizo kubwa inayozunguka ikiwa kavu inajisaga yenyewe.

Namba za geji zilizosomwa siku gari likiwa zima, bar ngapi likiunguruma na bar ngapi mlimani, ziandikwe kwenye kadi ya matengenezo na kuachwa ndani ya gari, ili fundi mwingine atakayelifungua, awe Bukoba au Muleba, awe na cha kulinganisha.